Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Kilimo wa Afrika Mashariki: mbegu ya mwisho ya muhogo haipo

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Kilimo wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Kwa wakurugenzi wa vituo vya utafiti na wasimamizi wa mbegu,

Waheshimiwa,

Nawasalimu. Kwa umri wangu wengi wenu mngeanza nyinyi kunipa shikamoo, basi marahaba, tuendelee na kazi.

Nilikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini na kitu. Sasa nimestaafu, nakaa Muheza, nina eka mbili za mihogo na minazi michache iliyochoka. Siku isiyo na ukungu, nikikaa barazani, naiona milima ya Usambara upande wa Amani. Milima hiyo naitaja kwa sababu. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Warburg, alieleza ugonjwa wa majani ya muhogo kujikunja na kutoka mabaka, aliouona huku kwetu Usambara. Ndio huu tunaouita batobato. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, akaeleza ugonjwa wa pili alioukuta mashambani chini ya milima hiyo hiyo: michirizi ya kahawia. Maradhi mawili yanayowaliza wakulima kuanzia Kilifi hadi Kivu yaliandikwa mara ya kwanza hapa, karibu na kibaraza changu. Sijui kama hilo ni la kujivunia.

Naandika kuungama kwanza, halafu kuomba.

Mara tatu katika kazi yangu nilisimama mbele ya wakulima, nikanyanyua pingili juu na kuwaambia: "Hii ndiyo mbegu, sasa shida imekwisha." Mara zote tatu niliwadanganya bila kujua kwamba nawadanganya. Mara ya mwisho lilikuja lori la mradi mmoja limejaa pingili zilizofungwa mafungu mafungu. Tuliambiwa shamba zilikokatwa lilikuwa safi, hakuna hata jani moja lililojikunja. Tukapanda. Mwaka ulipotimia, mama mmoja jirani yangu aling'oa shina, muhogo mnene kama paja la mtoto, akaukata katikati. Ndani ulikuwa kahawia, mkavu, mgumu kama gome. Akakata wa pili, akakata wa tatu. Kisha akaniangalia, akasema: "Bwana shamba, mihogo yangu imepata ukimwi." Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na mihogo ile alikuwa ameihesabu ya futari, ya kupeleka sokoni Tanga mjini. Waliotuletea pingili hawakurudi kuangalia.

Kwa wasiolijua shamba: batobato hujitangaza. Jani linajikunja, linakuwa na mabaka ya njano, hata mtoto wa darasa la pili atakuonyesha. Michirizi ni mnafiki. Majani yanabaki na umbo lake, ukijani unafifia kidogo kandokando ya vishipa kwenye majani ya chini, ambayo watu wengi hudhani yamezeeka tu. Ugonjwa unakula chini ya udongo, na mkulima anaujua siku ya kuvuna, akiwa ameshapalilia mara tatu.

Miaka mingi niliamini tulikosea mbegu. Sasa naamini tulikosea jambo kubwa zaidi. Tulifanya kazi kana kwamba ugonjwa umesimama pale pale unatungoja. Kumbe nao unatujibu.

Muhogo si mwenyeji wa hapa. Umetoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno, na pwani yetu ulianza kuenea zaidi katika karne ya 18. Huko kwao batobato haikuwepo. Virusi vyake vilikuwa huku, kwenye mimea ya porini ya Afrika, ambayo ilikuwa imeishi navyo muda mrefu kiasi cha kuzoeana: kirusi kinakula kidogo, mmea unaendelea kuzaa, maisha yanakwenda. Mapatano ya namna hiyo huja baada ya vizazi na vizazi vya kupigana. Ukaingia muhogo, mgeni mnene, mtamu, asiyejua chochote kuhusu ugomvi huo wa zamani. Virusi vikahamia.

Msidhani muhogo uko uchi. Hauna damu wala chembe nyeupe, lakini una mkasi. Kirusi kikiingia na kuanza kutoa nakala za maagizo yake, mmea unazikamata nakala hizo, unazikatakata vipande vidogo, kisha unavitumia vipande hivyo kama picha ya mtuhumiwa: kila kinachofanana navyo, kikatwe. Ndiyo maana shina lililoanza na batobato mara nyingine hutoa matawi safi juu, na pingili ya tawi lililopona yaweza kuota safi. Bibi yangu hakuwahi kuona darubini, lakini wakati wa kukata mbegu alipita shina kwa shina akichagua tawi. Nilipotoka chuoni nilimcheka. Mungu anisamehe.

Na virusi navyo vikajibu mkasi. Vilivyopo leo vina protini zao za kuuzuia usikate. Mnielewe hapa, Waheshimiwa, kwa sababu sera zote za mbegu zinasimama juu ya jambo hili: kila silaha ya mmea inachagua kirusi kinachoweza kuikwepa. Katika mamilioni ya nakala zinazotoka kila siku ndani ya shamba moja, nyingi zina makosa ya kunakili. Makosa mengi hayana maana, yanakufa hapo hapo. Moja likikutana na mlango ulio wazi, linapita, na baada ya misimu michache shamba zima limejaa watoto wake.

Uganda iliyaona haya kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilizuka batobato kali ambayo wazee hawakuwahi kuiona. Ilisogea kama moto wa nyika, kilometa 20 hivi kwa mwaka. Kule Teso watu walikuwa wamejaza mashamba muhogo mmoja walioupenda, Ebwanateraka, na ukateketea. Njaa ikaingia, watu wakafa. Mwaka 1997 watafiti waliokuwa wakichunguza virusi vile walieleza kwamba ni chotara: kirusi cha batobato cha Afrika Mashariki kilichojichomekea, katika jeni ya koti lake, kipande cha jamaa yake, kirusi cha batobato cha Afrika. Vilikutana ndani ya mmea mmoja, vikabadilishana nguo. Zaidi ya hapo, chotara huyo alikutwa mara nyingi akiishi pamoja na jamaa yake kwenye shina moja, wote wawili wakiuzuia mkasi, kila mmoja kwa njia yake. Mmea unaoweza kupambana na mmoja ulilemewa na wawili. Kabla miaka ya 1990 haijaisha, batobato hiyo ilikuwa imeingia Kenya magharibi na Kagera.

Kwa nini muhogo haukujibu haraka kama kirusi? Kwa sababu sisi tumeukataza. Muhogo tunaupanda kwa pingili, na kila pingili ni shina la mama yake lile lile. Ukipanda mita moja kwa moja, eka ina mashina 4,000 hivi. Wewe unaona mashina 4,000. Kirusi kinaona shina moja. Kikipata ufunguo wa shina la kwanza kando ya barabara, hakihitaji ufunguo mwingine hadi mwisho wa wilaya.

Ukiacha muhogo utoe maua, uchavushwe, upasue mbegu, kila mche utakaoota ni mtu wake. Hapo ndipo mmea unapopata nafasi ya kubahatisha na wenyewe. Nyumbani kwa bibi uliota mmoja wa aina hiyo karibu na jalala, hakuna aliyeupanda. Aliuacha kwa huruma tu. Ulipofika wakati wa kuvuna akaonja, akaukatia pingili, na kwetu tuliula miaka kumi na zaidi, bada na kisamvu chake. Baadaye nikiwa bwana shamba niliwaambia watu wang'oe vijimche vinavyojiotea, vinaharibu mistari.

Nirudi Amani. Wakati wa Storey, kuanzia miaka ya 1930, watafiti walifanya jambo ambalo naliheshimu hadi leo. Waliona muhogo wetu hauna silaha ya kutosha, wakaenda kuitafuta kwa ndugu zake. Waliuchavusha na mti wa mpira wa Ceará, ambao ni ukoo mmoja na muhogo lakini mizizi yake hailiki. Watoto wa ndoa hiyo walistahimili ugonjwa lakini hawakuwa chakula. Wakawachavusha tena na muhogo, kisha tena, hadi mizizi ikarudi kuwa mizizi na ukinzani ukabaki. Ilichukua miaka ishirini. Mwaka 1957 kazi ile ikafungwa.

Bahati ni kwamba mbegu zilikuwa zimeshapelekwa Nigeria. Huko ukapatikana mmea uliopewa namba 58308, na kutokana nao, katika miaka ya 1970, kituo cha utafiti cha Ibadan, huko huko Nigeria, kikazaa mihogo yenye jina la TMS iliyosambaa Afrika nzima. Batobato kali ilipoibwaga Uganda, ni hiyo iliyoletwa kuiokoa, ikapewa jina la Nase. Damu ya Amani ilizunguka bara zima ikarudi jirani kupitia Ibadan. Na ilifanya kazi. Mashamba yalirudi kuwa ya kijani, watu wakala.

Hapa ndipo ninapotaka mkae kidogo, kwa sababu ndipo tulipojipongeza.

Nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaobeba virusi vyote hivi, wanapenda jani laini lenye afya. Mihogo iliyoshinda batobato ikawa malisho yao, wakaongezeka kuliko zamani. Chuoni tulifundishwa kwamba michirizi ni ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, kwamba ukipanda juu ya mita 1,000 maradhi mengine yapo, ila michirizi usiihofu. Niliwafundisha wengine hivyo hivyo. Mwaka 2004 michirizi ikaonekana Uganda, juu ya mita 1,000, ndani ya ile ile mihogo iliyosifiwa kwa kuishinda batobato. Baada ya hapo ikaenda Burundi, Rwanda, Kongo mashariki. Silaha tuliyoipa mihogo ilikuwa ya adui mmoja. Wa pili aliingia kupitia mlango ambao hakuna aliyeweka mlinzi. Na huyu wa pili si mmoja: virusi vya michirizi viko viwili, CBSV na UCBSV, na cha kwanza kimeonekana kubadilika kwa kasi kuliko mwenzake.

Sasa nasikia mbegu mpya zinazosambazwa, nyingi zinategemea ukinzani mmoja wa batobato uliotoka kwenye mihogo ya kienyeji ya Afrika Magharibi, unaoitwa CMD2. Ni silaha nzuri sana. Mwaka 2022 watafiti walieleza kwamba iko kwenye jeni moja inayohusika na kunakili vinasaba vya mmea wenyewe. Jeni moja! Bara zima tunalifunga kwa kufuli moja, na funguo zinachongwa usiku na mchana katika kila jani lenye nzi weupe. Sisemi kufuli litafunguka mwaka kesho. Nasema hakuna mwenye akili anayefunga ghala la nchi kwa kufuli moja na kuwaondoa walinzi.

Kuhusu mihogo iliyobadilishwa vinasaba, najua huko kwenu mnagombana. Kenya mwezi Juni 2021 iliruhusu muhogo uliotengenezwa kuzuia michirizi. Mimi siuogopi kama wanavyouogopa wengine. Mbinu yake ni ule ule mkasi wa mmea, ila umepewa mapema picha ya mtuhumiwa, kipande cha maagizo ya koti la virusi vyenyewe. Swali langu ni la bwana shamba: picha hiyo itafanana na mtuhumiwa hadi lini? Mkasi unakata kinachofanana. Kirusi kitakachobadilika sura vya kutosha pale pale kitapita mbele ya mlinzi kikimsalimu. Kwa hiyo anayewaletea muhogo huo muulizeni pia atawaletea bajeti gani ya kuangalia sura za virusi kila mwaka, na nani atakayelipa baada ya wafadhili kuondoka. Ningewauliza hivyo hivyo waliotuletea lori la pingili, lakini siku ile nilikuwa nimeshughulika kupiga picha na wageni.

Naomba, basi.

Acheni kutangaza aina ya muhogo kama mnavyotangaza daraja lililokamilika. Ipeni umri. Siku ya kuizindua semeni: hii tunatarajia itukinge kwa muda fulani, na mrithi wake ameshaanza kuchavushwa. Kutoa muhogo mpya huchukua miaka kumi hivi. Ukisubiri wa sasa uoze ndipo uanze, umewaambia watu wale mboga za porini kwa miaka kumi. Kilichotokea mwaka 1957 kisirudiwe. Uzalishaji wa aina mpya usiwe mradi unaoisha na fedha za mgeni, uwe mshahara wa kudumu kwenye bajeti zenu, kama mnavyolipa walinzi wa ikulu.

Msiijaze wilaya nzima aina moja, hata kama ndiyo bora kuliko zote kwenye majaribio. Najua viwanda vya wanga wanataka mizizi ya namna moja, na wasambazaji wanataka kurahisisha kazi. Wapeni mchanganyiko. Mkulima mwenye aina nne katika eka yake huwa anajua anachofanya, ingawa mistari haipendezi kwenye ripoti.

Pingili zipimwe maabara kwa virusi vyote viwili vya michirizi kabla hazijapanda gari. Jicho halitoshi, mimi nina jicho la miaka thelathini na lilinidanganya. Mfumo wa mbegu zilizoazimiwa ubora, ambapo mkulima wa kijijini huzalisha mbegu chini ya ukaguzi, ni mzuri, uwekeeni vipimo vya bei ambayo mzalishaji wa kijijini anaimudu. Michirizi husafiri mbali kwa pingili kuliko kwa nzi weupe, maana nzi akiibeba hakai nayo muda mrefu. Maana yake ugonjwa huu, zaidi ya yote, tunausafirisha sisi, kwa basi, kwa baiskeli, kwa msaada wa serikali. Mpaka wa Mutukula au Horohoro haujui pingili ya shangazi anayempelekea mpwawe mbegu. Mkae nchi zote muwe na orodha moja ya aina na vipimo vinavyofanana, badala ya kila mmoja kufunga mlango wake huku dirisha liko wazi.

Na mjue tofauti ya mmea unaokinza na mmea unaostahimili, kwa sababu kwenye mabango yenu mnaichanganya. Kiroba, ambao watu wa Pwani tunaupenda, na mimi naupenda, unastahimili: virusi vinaingia, majani yanaonyesha, lakini mizizi inapona kiasi cha kuliwa. Kwa mwenye njaa hilo ni jema. Kwa jirani aliyepanda aina dhaifu ni balaa, maana kisima cha virusi kimechimbwa kwenye uzio wake. Aina za kustahimili zina kazi yake, ila asiambiwe mtu kwamba shamba lake ni safi.

La mwisho ni la wazee. Kuna muhogo Mtwara na Lindi unaitwa Namikonga, na huko pwani ya Kenya kuna unaoitwa Kaleso. Wakulima waliiona ni mihogo ya kwao, ya mababu, na ilisifika kwa kuipinga michirizi. Vipimo vya vinasaba vilipofanyika ilionekana inakaribia kuwa muhogo mmoja, ule wa Amani wenye namba 46106/27, mtoto wa ile ndoa na mti wa mpira. Kazi ile ilifungwa, wazungu wakaondoka, na muhogo ukaishi kwa sababu mabibi wa Kilifi na Kusini waliendelea kukata pingili zake bila kuandikiwa barua. Leo watafiti wanautumia tena kutafuta ukinzani wa michirizi. Ni mihogo mingapi ya namna hiyo iko kwenye mashamba ya watu, na ni mingapi tumewaambia wang'oe ili wapande ya kwetu? Tumeni vijana wenu waliomaliza chuo wakusanye kabla wazee hawajaondoka nayo.

Nianze mimi. Nyuma ya choo changu cha zamani umeota muhogo wenyewe, kutoka mbegu, mwaka wa pili sasa. Mashina yote yanayouzunguka yana batobato na mawili niliyong'oa yalikuwa na michirizi. Wenyewe majani yake hadi leo ni safi. Yawezekana ni bahati tu, yawezekana virusi havijaufikia. Nimezuia watu wasiukate. Nitauvuna mwishoni mwa kiangazi, na nitaweka pingili ishirini kivulini, zimesimamishwa, kwa wiki mbili. Atakayetaka kuja kuzipima anakaribishwa. Aje na viatu vya matope, na asije na kamera.

Wenu,
Bwana shamba mstaafu,
Muheza, Tanga